Kupanda na Mto Lukuledi kwa Gari: Pa Kuchepuka na Pa Kulala

Muulize dereva anayekwenda Masasi kila wiki kama amewahi kuuona Mto Lukuledi. Atasita. Bondeni mwake anapita kila safari, lakini mto wenyewe umejificha nyuma ya minazi, mikorosho na matete, na yeye macho yake yapo kwenye mashimo ya lami na malori ya makaa ya mawe. Mimi nami nilikuwa hivyohivyo miaka mingi.

Lukuledi huanzia maeneo ya Masasi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ukashuka kuelekea mashariki hadi Ghuba ya Lindi. Kusini mwake umesimama uwanda wa juu wa Makonde, kaskazini kuna uwanda wa Rondo na nchi ya Wamwera. Barabara kuu ya Mnazi Mmoja (njia panda iliyo karibu na Lindi) hadi Masasi inakwenda na bonde hilo, kwa hiyo ukitoka Lindi unaupanda mto kutoka mdomoni hadi chanzoni. Lindi hadi Masasi ni kama kilomita 140, mwenye haraka hamalizi saa tatu. Mimi nashauri usiku tano. Safari hii hupangwa kwa kuuliza utalala wapi, umbali huja baadaye. Anayeanza na umbali huishia kutafuta pa kusimika hema saa moja usiku, na saa hiyo hakuna mwenyekiti wa kijiji atakayekuonea huruma.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kusini mvua huanza kushika Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, mara nyingine Mei. Wakati huo ukitoka kwenye lami umejitakia, maana udongo wa bondeni huwa kama sabuni, na njia za kupanda Rondo huchimbika mifereji. Wengi watakuambia nenda Agosti au Septemba. Ni kweli njia ni kavu, ila mto umebaki madimbwi, nyasi zimechomwa moto, na vumbi linaingia hadi kwenye chumvi.

Tena kuna jambo ambalo mgeni halijui: salfa. Mikorosho inapochanua, wakulima huipulizia dawa dhidi ya ubwiri unga, kazi inayoshika kasi kuanzia Juni na Julai. Hupuliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Mwaka mmoja nilisimika hema kwenye kivuli kizuri cha mikorosho karibu na mji wa Mtama, nikajiona mjanja. Saa kumi na moja alfajiri nikaamshwa na mlio kama wa pikipiki mbovu, nilipofungua zipu nikakuta wingu la njano linakuja taratibu. Macho yaliwasha hadi mchana, na maandazi tuliyoyafunika kwa kitambaa tukawaachia kuku. Mwenye shamba hakuwa na kosa, shamba ni lake na saa ile ndiyo yake.

Kwa hiyo mimi huenda mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni. Mto bado una maji, majani ni mabichi, na pampu nyingi bado zipo stoo. Kama huna nafasi ila Julai, nenda, lakini usilale chini ya mikorosho.

Hatua ya 2: Gari na mizigo

Kwenye lami gari lolote zima linatosha. Kwa kushuka mtoni na kupanda Rondo unahitaji gari lililoinuka, na linalovuta magurudumu yote manne ni bora zaidi. Noah nimeziona huko juu, nimeziona pia zikisukumwa.

Beba tairi la akiba lenye upepo (lipige kabisa, usiliangalie kwa macho), jeki na ubao wa kuiweka juu yake maana kwenye mchanga jeki huzama, pampu, chepe, panga, na kamba nene ya kuvutia. Ukinasa mchangani punguza upepo wa matairi kabla ya kuanza kukanyaga mafuta. Kila unapokanyaga unajichimbia. Jaza tangi Lindi. Mbele vituo vipo kwenye miji ya barabarani, lakini ukiacha lami mafuta ni ya chupa, bei na usafi wake hutegemea bahati.

Maji ndiyo mzigo mkubwa: madumu mawili ya lita 20 kwa watu watatu kwa siku mbili, ya kunywa na kupikia. Ya mtoni yachemshe. Jiko la mtungi mdogo wa gesi linakuokoa na habari ya kuni, nitaieleza mbele. Chandarua si cha kubishania: Lindi na Mtwara malaria bado ipo sana, na bondeni mbu huanza kazi kabla ya jua kuzama. Kama utaingia porini zaidi, acha nguo za bluu iliyoiva na nyeusi nyumbani, mbung'o huzipenda rangi hizo.

Hatua ya 3: Ruhusa kabla ya hema

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu wa mjini. Hakuna kipande cha ukingo wa Lukuledi kisicho na mwenyewe. Panapoonekana pori ni shamba la mtu lililopumzishwa, au msitu wa kijiji wenye kamati yake, au hifadhi ya serikali.

Fika kijijini kabla ya saa tisa alasiri. Uliza ofisi ya mtendaji wa kijiji, au nyumbani kwa mwenyekiti kama ofisi imefungwa. Zima gari mbali kidogo, shuka, salimia kwa utaratibu: shikamoo, za hapa, za mvua, za shamba. Ukishaulizwa shida yako ndipo useme: "Mzee, sisi ni wasafiri tumetoka Lindi, tunaomba mahali pa kulala usiku mmoja karibu na mto, tuna hema letu." Toa kitambulisho bila kuombwa, jina liandikwe kwenye daftari la wageni. Swali litakalofuata ni lilelile kila mahali: kwa nini mlale nje wakati nyumba zipo? Usicheke. Jibu kwamba mnapenda kusikia mto usiku. Watawashangaa, lakini watawapa kijana wa kuwaonyesha mahali, na huyo kijana mlipe. Atawaambia kwa dakika tano mambo ambayo ramani ya simu haiyajui: wapi mamba ameonekana, njia ipi ng'ombe hupita alfajiri, mwenye shamba lile ni nani.

Kwa hifadhi za serikali ruhusa ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Ulizia ofisi zao Lindi kabla ya kuondoka. Malipo ni kwa kontroli namba, nawe ubaki na risiti. Mtu akikudai fedha mkononi msituni, mwombe hiyo namba.

Hatua ya 4: Kutoka Lindi hadi Mtama

Ondoka Lindi asubuhi, lakini kwanza simama ufukweni utazame ng'ambo ya Kitunda, boti zikivusha watu. Maji hayo ndiyo mdomo wa Lukuledi, mikoko imeshika kingo zake kuelekea ndani. Utazame hapa vizuri, maana mpana hivi hutauona tena.

Mnazi Mmoja, kama kilomita 20 na ushei, ndiyo njia panda: kushoto Mtwara, mbele Masasi. Nunua korosho, usinunue nyingi, mbele zipo. Kuanzia hapa utakutana na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara. Usishindane nayo. Yakija mawili yameongozana, sogea pembeni, yapite, vumbi litulie, endelea. Vijijini kibao cha 50 kikiwepo ni 50 kweli, trafiki wenye tochi hawakosi kivuli cha mwembe.

Pembeni ya njia, wazee wanaweza kukuonyesha mahali reli ilipopita. Mpango wa karanga wa Waingereza, ule wa Nachingwea ulioanza 1947 na kuanguka ndani ya miaka michache, ulijenga reli kupitia bonde hili. Ilifungwa mwaka 1962. Tuta lake limebaki vipande vipande, na kwa mpita njia ni jambo la manufaa: wajenzi wa reli walichagua ardhi iliyoinuka, basi panapoonekana tuta maji hayafiki kirahisi.

Usiku wa kwanza ulale maeneo ya Mtama au Nyangao. Nyangao kuna hospitali ya misheni, ni vizuri kuijua ilipo kabla hujaihitaji.

Hatua ya 5: Kulisimika hema

Mchanga wa mtoni ni mtego. Ni mweupe, laini, umelala sawa, na mkuyu umeutandikia kivuli. Usilale hapo hata kiangazi. Mvua inanyesha juu, Masasi, nyinyi huku mnaona nyota, na maji yanakuja usiku bila kupiga hodi. Tazama matawi ya vichaka vya ukingoni: ukiona majani makavu na vijiti vimenasa usawa wa kifua, maji yalifika hapo.

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hema si jengo, lakini mimi hiyo 60 naichukua kama kipimo changu cha kulala na cha choo. Hatua themanini ndefu, umeimaliza. Choo kichimbwe kwa chepe, kifukiwe. Wanawake wa kijiji huchota maji kwa kuchimba vishimo mchangani, na kinachoingia juu ya mchanga huchujika hadi kwenye ndoo zao.

Usilale chini ya mkuyu wenye matunda, popo na nyani watakunyima usingizi. Chini ya mnazi ndiyo kabisa usilale. Mkwaju uliosimama peke yake ni mzuri. Kuoga, oga kwa ndoo, mbali na maji yaliyosimama, na usimwache mtoto ukingoni hata kama wenyeji wanavuka. Wao wanajua pa kuvukia.

Utayaona madungu mashambani, vile vibanda vya juu vya kulindia mazao dhidi ya nguruwe pori. Vinatamanisha kulala. Miaka ya mwanzo ya 2000 simba waliua watu wengi Lindi na Mtwara, na waliokuwa wakilala mashambani kulinda mazao walikuwa kati ya walioathirika zaidi, kwa kuwa simba huwafuata nguruwe na nguruwe hufuata mihogo. Siku hizi habari hizo ni chache. Bado mimi hulala ndani ya hema lililofungwa, karibu na gari, na nyama haibaki nje.

Kuni: okota zilizoanguka, kidogo, kwa ruhusa ya mwenyeji. Usikate. Usiku ukiisha moto uuzime kwa maji, halafu mchanga. Na usipakie gunia la mkaa au mbao ulizoona bei nzuri njiani. Mazao ya misitu yanataka kibali na hayasafirishwi usiku, kwa hiyo pale kwenye kizuizi cha maliasili mkaa wako wa bei nafuu utakuwa ghali kuliko hoteli.

Hatua ya 6: Panda Rondo

Hapa ndipo utakapoona msitu wenyewe. Kutoka Mtama ulizia njia ya Rondo, kila bodaboda anaijua, na muulize pia hali yake wiki hii, siyo mwezi uliopita. Unaacha bonde lenye joto na kupanda udongo mwekundu, gia ya chini, madirisha wazi. Juu inakaribia mita 900, na tofauti unaihisi kwanza masikioni, kisha kwenye ngozi. Juni usiku utatafuta sweta. Watu wakisikia Lindi hubeba kanga tupu, wakirudi kutoka Rondo wana mafua.

Mivule ya huku ilikuwa mikubwa ya kutisha, ikavunwa sana enzi za mkoloni. Yapo mashamba ya miti ya kupandwa, na upo msitu wa asili uliobaki, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Usiyachanganye: mistari iliyonyooka ni shamba, palipofungamana ndiyo hifadhi. Lipa, chukua mhifadhi, na muulize yeye pa kuweka hema.

Mhifadhi akikubali, tokeni naye usiku. Rondo ndiyo iliyompa jina komba mdogo kuliko karibu komba wote, mwenye gramu 60 hivi, mkia umetutumka kama brashi ya kusafishia chupa. Anaishi kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania na yumo hatarini kutoweka. Funika tochi kwa kitambaa chekundu, usimulike machoni, simama tu. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona. Mimi nimekwenda mara tatu, nimemwona mara moja, tena mkia.

Kama una usiku tano, viwili vipe Rondo. Sehemu nyingine zote za safari hii zinaweza kukatwa, hii hapana.

Hatua ya 7: Ndanda

Shuka urudi kwenye lami, pita Nanganga, uingie Mkoa wa Mtwara. Ndanda imekaa chini kabisa ya ukuta wa uwanda wa Makonde. Juu ya uwanda huo maji ya juu ya ardhi ni shida kubwa, mvua yote huzama kwenye mchanga. Huku chini ndiko inakotokea, chemchemi baridi zenye maji safi, na ndiyo maana Wabenediktini walihamia hapa 1906, baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kuchomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka uliotangulia.

Hapa pumzisha hema. Ulizia nyumba ya wageni, fua, chaji simu, jaza madumu. Asubuhi omba njia ya kupanda kidogo nyuma ya mji kufuata vijito. Ni matembezi ya saa mbili, bila gari, na bonde zima la Lukuledi linafunguka chini yako, mstari wa kijani kibichi uliopinda katikati ya mikorosho. Ndipo utakapoelewa ulikuwa unapita wapi siku zote hizo.

Barabarani ukiona akinamama wanauza ming'oko, simama. Ni viazi vya porini, vyembamba, huchemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Humenyi, unavuta kwa meno.

Hatua ya 8: Masasi, halafu Lukuledi

Kilomita kama 40 na umefika Masasi, mji uliozungukwa na milima ya mawe matupu iliyochomoza ghafla kama iliyosahauliwa na mjenzi. Mafuta, gereji, soko, vyote vipo. Tazama boliti za magurudumu baada ya Rondo, hulegea.

Usiku wa mwisho mimi siulalii Masasi. Chukua barabara ya Nachingwea hadi kijiji cha Lukuledi, kinachobeba jina la mto, ufuate tena utaratibu wa Hatua ya 3. Mto huku juu ni mwembamba, Septemba unaweza kuuruka. Ng'ombe hunywa maji ya mto uleule uliouona Lindi ukibeba boti.

Kurudi, kama hutaki njia ileile, endelea Nachingwea, Ruangwa, kisha Nanganga. Lami na vumbi hupokezana kadiri ujenzi unavyokwenda, hivyo toka saa kumi na mbili asubuhi, na madumu yasiwe matupu.